Keki ya Kutafutia Jiwe

Mgeni akishuka melini kisiwani Anemusa huambiwa mambo mawili: asinywe maji ya bomba, na asiondoke bila kupanda ngomeni. La kwanza wengi hulisahau, na tumbo huwakumbusha. La pili halisahau hata mmoja. Kila asubuhi ya kiangazi utawaona kwenye zile ngazi mia tatu na kumi na mbili, wamekuwa wekundu kama kamba waliotoka chunguni, wanahema, wanakwenda kutazama kuta zilizobomoka.

Nyumba ya mwisho kabla ya lango la ngome ni ya Zambeta, na mbele ya nyumba hiyo lipo benchi la jiwe, refu, nene, jeupe pe, na vyungu vinne vya mrehani vimepangwa mbele yake. Hapo ndipo wageni hutua. Wanakaa, wanavua viatu, wanapepea nyuso kwa ramani, wanapigana picha.

"Kaeni, wanangu, kaeni," Zambeta huwaambia. "Ngome haina miguu. Imewangoja miaka mia saba, itashindwa dakika tano?"

Hawaelewi neno, lakini wanakaa. Naye husimama mlangoni, mikono kiunoni, akihesabu ni wangapi leo watarudi wakichechemea.

Alikuwa mjane wa miaka sabini na sita, mfupi, mwenye mkono mzito wa brashi. Kule Anemusa kitu kisichokimbia hupakwa chokaa. Ukuta utapakwa, ngazi itapakwa, na mti nao utapakwa mpaka kiunoni. Lakini Zambeta alizidi. Alipaka kabla ya Pasaka, akapaka kabla ya sikukuu ya Bikira, akapaka tena mvua za kwanza zikisha, na benchi lile lilipata sehemu yake kila mara kwa muda wa miaka hamsini. Wifi yake, Maruso, aliyekaa nyumba ya pili yake, alizoea kusema kwamba marehemu kaka yake Isidoros alilala jicho moja wazi miaka yote ya ndoa, asije akaamka mweupe.

"Na wewe je?" Zambeta humjibu. "Ungekaa kimya dakika moja tu, ningekupaka na wewe."

Benchi lile alilileta Isidoros mwenyewe. Zambeta akiwa msichana alitangaza kisimani, wote wakisikia, kwamba haolewi katika nyumba isiyo na pa kukaa mtu jioni. Isidoros hakuwa na fedha wala mbao, ila alikuwa na punda na shingo ngumu. Siku ya tatu jiwe likawa mlangoni. Zambeta akaolewa. Walikaa juu ya jiwe hilo jioni zote za miaka arobaini na sita, yeye akisema na mume akisikiliza, mpaka mume akafa, akabaki anasema na picha yake iliyotundikwa juu ya jiko.

Basi mwaka huo, katikati ya mwezi wa nane, meli ilileta mgeni wa namna nyingine. Jina lake Mirsini, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mtu wa Thesaloniki, mfanyakazi wa idara ya mambo ya kale. Alipanga chumba cha juu cha Zambeta kwa siku kumi na mbili. Alikuja na futi, kamba, brashi ndogondogo kama za kupakia wanja, na daftari.

"Unatafuta nini, binti yangu?" Zambeta alimuuliza siku ya kwanza, akimwekea kahawa.

"Jiwe, bibi."

Zambeta alitazama nje. Mlima ulikuwa mawe, ngome ilikuwa mawe, njia ilikuwa mawe, na mashamba yalikuwa mawe yenye mizeituni michache iliyopotea njia.

"Umefika," akasema.

Mirsini akacheka. Akaeleza kwamba zaidi ya miaka mia mbili iliyopita alipita msafiri mmoja, akaona ngomeni jiwe la kale la marumaru lenye mistari ya maandishi, akalichora. Tangu hapo hakuna aliyeliona tena. Wakubwa wake wanasema ama lilichomwa likawa chokaa, ama msafiri yule alilewa. Yeye anaamini lipo.

"Kama lipo litaonekana," Zambeta akasema. "Na kama limefichwa na mtu, basi mtu huyo ana moyo wa jiwe kuliko jiwe lenyewe."

Siku zikaenda. Mirsini alitoka asubuhi na futi yake, akarudi jioni nywele zimelowa chepechepe, macho mekundu. Zambeta akamhurumia. "Jasho la kutafuta," alimwambia Maruso. "Anajiua yule mtoto." Kila jioni Mirsini aliketi kwenye benchi, akatandaza miguu, akashusha pumzi ndefu iliyofika bandarini.

"Na leo je?" Zambeta humuuliza.

"Hakuna kitu, bibi. Sijui nitawaambia nini wakubwa."

Maruso akipita na kapu lake huwasalimu kwa kusimama.

"Kaa basi, wifi," Zambeta humwambia. "Au umemeza fimbo?"

"Benchi hilo lina baridi. Linanipa kiuno."

"Miaka hamsini linakupa kiuno, na kiuno chenyewe hatujakiona."

Siku ya nane Zambeta hakuvumilia tena. Akaamua kumwokea mgeni wake keki ya Mtakatifu Fanurio.

Huyu ndiye mtakatifu wa vilivyopotea. Ukipoteza pete, mbuzi, au mchumba, unamwokea keki isiyo na yai wala maziwa, yenye vitu saba, si sita wala nane: unga, sukari, mafuta ya zeituni, maji ya machungwa, mdalasini, lozi na zabibu kavu. Padri anaisomea, unaigawa kwa watu, na kila anayekula anamwombea msamaha mama yake Fanurio, ambaye inasemekana roho yake ilikuwa chungu kama nyongo. Mtakatifu akifurahi kwa ajili ya mama yake, anakuonyesha kitu chako. Hana deni na mtu. Ila ana tabia moja, wazee wanasema: anakuonyesha kilipo, si unapopenda wewe kiwe.

Keki ilikatwa kwenye kanisa dogo lililo chini ya ngome, asubuhi ya sikukuu ya mtakatifu, wanawake wa mtaa wote wa juu wamejaa. Padri Akindinos aliisomea bila miwani, maana aliipoteza tangu Pasaka, akaruka mistari miwili. Kisha Zambeta akasimama mbele ya picha ya mtakatifu. Angeweza kuomba kimya kimya kama watu wenye adabu. Lakini yeye alipenda kusikika.

"Mtakatifu Fanurio," akasema kwa sauti ya kuuzia samaki, "mwanangu huyu anatafuta jiwe. Lionyeshe! Popote lilipo, kwa yeyote lilipo, litoke. Nami naapa mbele ya hawa wote, sitamstahi mtu. Na aliyelificha aone haya mwaka mzima!"

Maruso akapaliwa na keki.

"Mpigeni mgongoni," Zambeta akasema. "Lozi hiyo. Ni pupa yake."

"Mungu amsamehe mama yake Fanurio," Maruso akasema alipopata pumzi, akimtazama wifi yake kwa jicho la pembeni. "Na wengine wote wenye midomo."

Walirudi nyumbani. Mirsini akaketi kwenye benchi na kipande chake cha pili, akafungua daftari, akatoa karatasi iliyokunjwa.

"Bibi, nilisahau kabisa. Sijakuonyesha mchoro wenyewe. Nakala ya ule wa msafiri."

Zambeta akafuta mikono kwenye aproni, akaishika karatasi, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

Lilikuwa jiwe refu, nene. Mistari sita ya herufi. Na kwenye pembe ya juu, mkono wa kushoto, pomboo mdogo aliyechongwa anaruka, mkia wake umevunjika.

Zambeta alimjua pomboo yule. Kila Pasaka, kila sikukuu ya Bikira na kila baada ya mvua za kwanza, brashi yake ilikwama kwenye kijinundu kile cha pembeni, akakigeuzia mkono, akakipaka, akaendelea. Tena akakumbuka mbali zaidi: ile wiki ya harusi, kabla ya chokaa ya kwanza, jiwe likiwa bado la kijivu, alimwona samaki na vijimikwaruzo, akamuuliza bwana harusi, "Hii nini?" Naye Isidoros, mtu asiyekuwa na haraka na jambo lolote duniani, alisema, "Paka chokaa, mke wangu. Paka leo leo."

"Umelifahamu, bibi?" Mirsini akauliza, akilamba sukari kidoleni.

"Nani, mimi? Hilo? Hata!" Akamrudishia karatasi kama imemuunguza. "Jiwe baya. Msafiri wako alilewa."

Akaingia ndani, akafunga mlango, akaikabili picha iliyo juu ya jiko.

"Isidoros!" akanong'ona kwa ukali. "Mwizi wa serikali wee! Miaka arobaini na sita unaimba kanisani, unashika mshumaa mbele ya askofu, kumbe umenikalisha juu ya mali ya watu!"

Isidoros akatabasamu vilevile kama siku zote.

Hofu ya Zambeta haikuwa ya kwake. Mzee mmoja wa upande wa pili wa kisiwa alikutwa na kichwa cha sanamu ya kale ya marumaru zizini kwake, mbuzi wanajikunia. Gazeti likaandika jina lake, la baba yake na la kijiji chake, na mpaka leo wajukuu zake wanaitwa "wale wa kichwa". Isidoros hakuacha mali, wala hakuacha watoto. Aliacha jina tu, na jina lenyewe lilikuwa safi kuliko ukuta wowote wa Anemusa. Atapakwa matope leo, naye yuko chini hawezi kujitetea? Na anayempaka ni nani? Mkewe, kwa keki!

Kesho yake alfajiri watu walimkuta Zambeta na ndoo. Alipaka benchi. Adhuhuri, likiwa limekauka, akalipaka tena. Siku ya pili akalitandikia blanketi la sufu ya mbuzi, katika joto la mwezi wa nane.

"Unaumwa?" Maruso alimuuliza akiwa njiani.

"Linapata baridi. Si wewe ulisema?"

"Aa. Na chokaa mara mbili kwa siku moja?"

"Kinyesi cha njiwa."

"Sijaona njiwa."

"Wameona ndoo, wamehama."

Maruso akalitazama benchi, akamtazama Zambeta, akaondoka akiimba puani.

Mtakatifu Fanurio naye hakukaa bure. Jumanne Padri Akindinos alikuta miwani yake ndani ya kiatu cha Pasaka. Jumatano mwoka mikate alimpata mbuzi wake aliyetoroka, yuko bandarini anakula kofia ya mgeni. Maruso aliokota hereni aliyoipoteza tangu ujana wake, na akaivaa hiyo moja, akapita nayo mbele ya kila mlango. Keki ilifanya kazi kwa kila aliyekula kipande. Wanawake wakawa wanamsimamisha Zambeta njiani.

"Na jiwe je, Zambeta? Bado?"

"Bado."

"Ajabu. Labda yule aliyelificha hana haya."

"Labda!" Zambeta anasema, na kuharakisha mwendo.

Hata wageni walimchosha. Wanakaa juu ya blanketi, wanapigana picha, kisha wanapanda kwenda kutazama historia. Alitamani kuwaambia, "Teremkeni, wapumbavu, mmeikalia." Usiku aligeuka kitandani. Alikuwa ameapa mbele ya picha ya mtakatifu, tena kwa sauti. Angemlaumu nani? Na kila akifumba macho alimwona yule binti wa Thesaloniki, nywele zimelowa jasho, akishusha pumzi.

Alhamisi jioni Mirsini akafunga mizigo. Meli ilikuwa ya Ijumaa saa sita mchana.

"Basi, bibi," akasema, akiketi juu ya blanketi. "Nimekubali. Nitawaambia halipo. Watanicheka, lakini nimekula vizuri." Akapapasa jiwe kwa kiganja kama mtu apapasaye punda mwema. "Nitalikumbuka sana benchi hili."

Zambeta aliingia ndani. Akakaa mbele ya picha kwa muda mrefu, na mara hii hakupiga kelele.

"Sikiliza, mzee," akasema mwishowe. "Wewe uliliiba kwa ajili yangu. Mimi nililiomba kwa ajili ya yule. Fanurio ametimiza lake, nimebaki mimi. Ukikasirika, utaniambia tukionana."

Ijumaa asubuhi kulipokucha vizuri alitoka nje, amevaa nguo yake ya kanisani, ana kisu cha jikoni mkono mmoja na chupa ya siki mkono wa pili. Mirsini alikuwa amekaa kwenye ngazi anakunywa kahawa, sanduku lake kando.

"Binti yangu," Zambeta akaanza, kifua mbele, kama anayesoma Injili, "jana nimeota ndoto. Amenijia kijana mzuri, amevaa kama askari wa zamani, ana mshumaa."

"Mtakatifu Fanurio," Mirsini akasema, bila kucheka hata kidogo.

"Mwenyewe. Akaniambia, Zambeta, jiwe la mtoto yule lipo karibu. Nikamuuliza, karibu wapi, baba? Akasema, kwangua hapo mnapokalia. Sasa mimi ni mjinga, sikusoma zaidi ya darasa la sita, sijui maana yake. Lakini mtakatifu akisema kwangua, utabisha? Pengine jiwe lilikuja lenyewe. Pengine ni tetemeko la ardhi." Akatupa blanketi kando, akafungua chupa, akainama kwa taabu kwenye pembe ya kushoto. "Nitaanza na siki, chokaa ilainike..."

"Siki hapana!" Mirsini aliruka, kahawa ikamwagika. "Bibi, itamla pomboo!"

Zambeta akabaki ameinama, chupa mkononi. Kisha taratibu, kiungo kimoja baada ya kingine, akanyooka.

"Pomboo gani?"

Mirsini akatazama bahari.

"Nimesema ndoto ina askari na mshumaa," Zambeta akasema. "Sikutaja pomboo. Nani kakwambia pomboo yuko pembe hii?"

"Bibi..."

"Tangu lini?"

"Siku ya tatu," Mirsini akasema kwa sauti ndogo. "Nilikuwa nachambua maharage hapa, moja likaanguka nyuma ya chungu cha mrehani. Nikainama, nikasogeza chungu. Chini kule chokaa imekwisha. Nikaona mstari mzima wa herufi."

Hilo lilikuwa kweli. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mgongo wa Zambeta ulikataa kuinama miaka minne sasa. Brashi ilikuwa haifiki chini.

"Siku ya tatu! Na siku tisa zote hizo unapanda ngomeni na futi, unarudi umelowa jasho, moyo wangu unakatika?"

"Si jasho, bibi. Nilikuwa naogelea."

Zambeta akakaa juu ya jiwe la watu kwa kishindo. Akafungua mdomo, hakikutoka kitu, jambo ambalo Isidoros angelipa fedha nyingi kuliona.

Mirsini akaja kukaa naye. Akatoa karatasi kwenye daftari, fomu ya idara, imejazwa yote isipokuwa mstari mmoja. Karatasi yenyewe ilikuwa imeanza kuchakaa mikunjoni.

"Niliijaza siku ileile. Tazama hapa. Jiwe nikilikuta mimi, naandika 'limekamatwa nyumbani kwa fulani', halafu wanakuja askari, na gazeti. Lakini mwenye nyumba akinipa mwenyewe, naandika 'limetolewa na fulani', na jina linakaa kwenye makumbusho chini ya jiwe, kwa heshima. Sheria ni moja, bibi. Neno ndilo linalotofautiana, na neno hilo si langu kulisema. Basi nikangoja."

"Ukangoja na kula keki."

"Keki ilikuwa tamu."

"Na ule mchoro? Eti umesahau kunionyesha! Umenitolea nikiwa nimekwisha kuapa kanisani!"

"Ulivyoapa kwa sauti ile, bibi, niliona nisipoteze nafasi."

Zambeta akamtazama kwa muda. Binti huyu alikuwa na sura ya malaika wa dirisha la kanisa, na ndani yake mlikuwa na mchuuzi wa sokoni. Akaanza kutikisika mabega, kisha tumbo, kisha akacheka mpaka akashika ukuta.

"Ungezaliwa hapa," akasema akifuta machozi, "ningekuogopa."

Maruso akatokea na kapu lake, hereni moja inayumba.

"Limetoka?" akauliza.

"Limetoka nini?"

"Jiwe. Si nalitazama naona blanketi limeondoka." Akaweka kapu chini. "Afadhali. Miaka hamsini nimesimama mimi, miguu imeniota mizizi. Siwezi kukaa juu ya kitu nilichosaidia kuiba."

"Ulichosaidia?"

"Unadhani punda alijishika mwenyewe? Kaka alisukuma, mimi nikashika kamba. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Akanihonga tini tatu, akanikataza kusema. Nami sikusema." Akamgeukia Zambeta. "Unaona? Wapo watu katika ukoo huu wanaoweza kufunga mdomo."

Mirsini hakungoja wagombane. Alileta maji na zile brashi zake za wanja na kisu cha mti, na wale wifi wawili wakasimama kando, wamekumbatia vyungu vya mrehani kama watoto wachanga. Chokaa ilibanduka kwa maganda, ganda juu ya ganda kama kitunguu, mia na hamsini na zaidi, Pasaka zote za ndoa ya Zambeta. Pomboo akatoka, mkia umevunjika, macho yamefumbuka. Kisha herufi, kali kana kwamba zimechongwa juzi.

"Chokaa yako imezilinda, bibi," Mirsini akasema. "Mvua haikuzigusa. Kule ngomeni zingekwisha."

"Umesikia, Maruso? Na wewe ulikuwa unanicheka."

Wageni waliokuwa wakipanda wakasimama. Hakuna aliyekwenda ngomeni asubuhi ile.

"Linasemaje?" Maruso akauliza.

Mirsini akapitisha kidole, mstari kwa mstari. "Linasema hapa ni mpaka wa shamba la mungu. Halafu ni laana. 'Atakayeling'oa jiwe hili mahali pake na kulipeleka kwake...'" Akanyamaza, midomo imemcheza. "Mstari wa mwisho ndio niliousoma siku ya tatu. Tangu hapo kila nikikusikia unasema na picha kule jikoni, nilikuwa nauma shuka nisicheke."

"Soma, mtoto, usitutese!"

"'...asipate kimya nyumbani mwake maisha yake yote.'"

Maruso ndiye aliyeanza kucheka, akajikunja juu ya kapu lake, mayai yakawa hatarini. Zambeta akageuka akatazama mlango wa nyumba yake, na jiko, na juu yake mume wake anayetabasamu. Miaka arobaini na sita alidhani ni tabasamu la upole.

"Alijua kusoma ya kale?" akauliza polepole.

"Padri wa zamani alimfundisha," Maruso akasema, akitafuta pumzi. "Ndiyo maana aliimba kanisani."

"Basi alisoma. Alisoma laana yote, akalipakia jiwe kwa punda hivyohivyo." Sauti ya Zambeta ikalegea, akaikaza upesi. "Mpumbavu. Na mimi nikamtimizia, wala sikukosa siku."

Akachukua kalamu, akaandika jina la Isidoros kwenye mstari uliobaki wazi, kwa herufi kubwa za darasa la sita, na lake chini yake. Maruso akamsukuma kwa kiwiko. Zambeta akashusha pumzi ndefu kama ile ya Mirsini, akaongeza: na Maruso, aliyeshika punda.

Siku hizi mgeni akishuka melini huambiwa mambo matatu. La tatu ni makumbusho, ile shule ya zamani karibu na kanisa, chumba kimoja na feni. Jiwe liko katikati, na kibao chini yake chenye majina matatu. Mlangoni kwa Zambeta kuna benchi la mbao ambalo Maruso analikalia kila jioni kuanzia saa kumi, wala haondoki, na kiuno hakimuumi tena. Mlinzi wa makumbusho ana amri moja tu aliyoandikiwa na Mirsini kwa mkono wake na kubandikiwa juu ya meza: wiki ya kabla ya Pasaka, Bibi Zambeta akija, aruhusiwe kuingia bure na kukaa apendavyo, lakini ndoo ibaki nje.